Uwanja wa Mbele ya Nyumba, na Jinsi ya Kuupamba Bila Taabu Nyingi

Mgeni anayefika nyumbani kwa watu huuona uwanja wa mbele kabla hajapiga hodi. Hapo ndipo atakapopewa kiti jioni. Hapo ndipo watoto huchezea, ndipo karanga na alizeti huanikwa, na siku ya harusi au ya msiba ndipo turubai hufungwa. Kwa hiyo uwanja wa mbele ni chumba kimoja cha nyumba, ila hauna paa. Vyumba vingine twavifikiria siku nyingi kabla ya kujenga, lakini chumba hiki huachwa kijitengeneze chenyewe.

Katika makala haya nitajaribu kueleza jinsi uwanja huo unavyoweza kupangwa ukapendeza, na ukiisha kupangwa usitake kazi nyingi wala maji mengi. Mfano wangu ni Dodoma na nchi zinazofanana nayo, kama vile Singida na Shinyanga, kwa sababu huko shida ya maji na vumbi huonekana wazi. Msomaji wa Bukoba au wa Tanga, ambako mvua ni nyingi zaidi, atabadili majina ya mimea, lakini kanuni zitabaki zile zile.

NAMNA MBILI TULIZOZIZOEA

Ya kwanza ni uwanja mtupu unaofagiliwa kila asubuhi. Namna hii tumeirithi kwa wazee, nao hawakuianza bila sababu. Mahali peupe nyoka huonekana upesi, takataka hazijifichi, na mwenye nyumba hujulikana kuwa mtu safi. Sababu hizo ni za kweli hata leo. Walakini tutazame jambo linalotokea. Ufagio huondoa majani makavu, na pamoja nayo huondoa tabaka jembamba la udongo uliolegea. Mvua ya kwanza inaponyesha, matone huipiga ardhi isiyo na kifuniko, udongo ukalegea tena, na maji yakakimbia nao hadi barabarani.

Tuseme uwanja una mita 10 kwa 10, na kwa mwaka unapoteza udongo wa unene wa milimita 1 tu. Hesabu yake ni lita 100 za udongo, yaani ndoo 5 za lita 20. Baada ya miaka 20 uwanja utakuwa umeshuka sentimita 2 mahali pote. Na chini ya ukingo wa paa, ambapo maji huanguka kwa nguvu, utakuwa umeshuka zaidi sana. Ndiyo maana twaona nyumba za zamani ambazo msingi wake umebaki nje, na mtu hupanda ngazi mbili mahali ambapo zamani palikuwa na moja. Mtu aweza kudhani nyumba imeinuka, kumbe nchi ndiyo iliyoshuka. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Na hapa ufa wenyewe huanzia kwenye ufagio.

Tena iko habari ya muda. Kufagia kwa nusu saa kila siku ni saa 182 na nusu kwa mwaka. Katika nyumba nyingi saa hizo ni za mtoto wa kike, naye huzitoa asubuhi kabla ya kwenda shule, wakati kaka yake akitafuta viatu. Wazazi wanaosoma gazeti hili wataona kwamba saa 182 si kitu kidogo kwa mwanafunzi wa Kidato cha Nne.

Namna ya pili ni ile tuionayo mbele ya ofisi na nyumba kubwa: majani mabichi yaliyokatwa sawasawa, na njia iliyopangwa mawe yaliyopakwa chokaa. Hupendeza kweli. Lakini chokaa huoshwa na mvua ikabidi kupakwa tena kila mwaka, na majani hunywa maji. Katika jua la kiangazi majani mabichi yaweza kutumia kiasi cha milimita 5 za maji kwa siku. Milimita 1 ya maji juu ya mita 1 ya mraba ni lita 1. Basi uwanja wa mita za mraba 100 wataka lita 500 kila siku, yaani ndoo 25. Kwa juma moja ni ndoo 175. Nyumba inayonunua maji kwa ndoo haiwezi jambo hili, na nyumba yenye bomba itaona uchungu siku ya kulipa.

Kati ya namna hizi mbili iko ya tatu, nayo ndiyo ninayotaka kuieleza.

KWANZA, TUPANGE MAJI

Dodoma hupata mvua ya kiasi cha milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu yote hunyesha kati ya Desemba na Aprili. Miezi iliyobaki ni jua na upepo. Mtu akisikia hivyo hudhani hakuna maji ya kutosha. Tufanye hesabu. Nyumba yenye paa la mita 10 kwa 8 ina mita za mraba 80. Mvua ya milimita 20 kwa siku moja hulimwagia paa hilo lita 1,600, yaani ndoo 80. Mvua ya mwaka ya milimita 550 ni lita 44,000. Maji haya yote huanguka karibu na ukuta, huchimba mfereji, kisha huondoka. Twayalipia kwa kupoteza udongo wetu, halafu mwezi wa Agosti twatafuta maji mengine.

Kazi ya kwanza, basi, ni kuyaondoa maji ukutani na kuyapeleka mahali pa faida. Ardhi iliyo karibu na nyumba yafaa iteremke kuelekea nje, kiasi cha sentimita 15 katika mita 3 za kwanza. Kipimo chake si kigumu. Chukua mpira mwembamba unaoonyesha ndani, utie maji, mmoja ashike ncha moja ukutani na mwenzake ashike ncha nyingine umbali wa mita 3. Maji katika ncha zote mbili yatasimama kimo kimoja, kama tulivyofundishwa katika Fizikia. Pima kutoka maji hadi ardhini kila upande. Tofauti ya vipimo hivyo ndiyo mteremko. Kama ardhi inateremka kuelekea nyumbani, jaza udongo ukutani na kuushindilia kabla ya kufikiri habari ya maua.

Chini ya ukingo wa paa weka utepe wa kokoto au changarawe wenye upana wa sentimita 60. Matone yataanguka juu ya mawe, na udongo hautachimbika wala kurukia ukuta na kuuchafua. Utepe huu una faida nyingine mbili. Nyoka hawezi kujificha hapo, na mchwa hapati majani makavu ya kula karibu na mlango wako.

Mwisho wa mteremko chimba kitaro kipana kisicho na kina kirefu, kinachokata mteremko kwa ulalo. Udongo uliochimbwa uweke upande wa chini uwe tuta dogo. Maji yakifika hapo yatasimama, yatazama ardhini, na miti itakayopandwa kando ya tuta itayanywa kwa muda mrefu baada ya mvua kwisha. Maji hayo yapasa yazame kwa siku mbili au tatu. Mbu huhitaji kiasi cha juma moja au zaidi tangu yai hadi kuruka. Kwa hiyo maji yanayozama upesi hayazai mbu. Wanaozaa mbu ni kopo, tairi bovu na dimbwi lililosahauliwa nyuma ya nyumba.

PILI, TUPANGE MAHALI

Chukua karatasi ya miraba, na sentimita 1 iwe badala ya mita 1. Chora nyumba, mlango, lango, na miti iliyopo. Kisha keti kibarazani siku mbili au tatu utazame watu wanapopita. Mguu wa mtu haufuati ramani. Hufuata njia ya karibu. Njia ikichorwa kwa mapindo mengi ili kupendeza, watoto wataikata katikati na kukanyaga maua. Basi weka njia pale ambapo watu wamekwisha kuichora kwa miguu yao. Upana wa mita 1 na nusu watosha watu wawili kwenda sambamba wakizungumza, na baiskeli kupita.

Baada ya njia, acha mahali pa wazi. Wale wanaoandika vitabu vya bustani katika nchi za baridi hawalitaji jambo hili, kwa sababu kwao watu hukusanyika ndani. Kwetu siku ya msiba watu 100 watakuja na viti vitapangwa. Uwanja uliojaa matuta ya maua hauwezi kuwapokea, na jirani watalazimika kuyakanyaga. Theluthi moja ya uwanja, au hata nusu, iwe tambarare ya changarawe iliyoshindiliwa vizuri. Hapo pia ndipo pa kuanika nafaka. Mahali hapa pataendelea kufagiliwa, lakini ni padogo, na changarawe haiondoki na ufagio mlaini kama udongo uondokavyo.

Halafu fikiri habari ya kivuli. Dodoma iko kiasi cha digrii 6 kusini mwa ikweta. Jua la adhuhuri huwa upande wa kaskazini kwa muda wa kiasi cha miezi 7, na upande wa kusini kwa miezi 5 hivi. Kwa hiyo kuta za pande hizo hupeana zamu. Lakini ukuta wa magharibi huchomwa mwaka mzima tangu saa nane hadi magharibi, na chumba kilicho nyuma yake hakilaliki mapema. Ukiwa na mti mmoja tu wa kupanda, upande upande wa magharibi. Kivuli chake kitauangukia ukuta wakati jua lina ukali, na wazee watapata mahali pa kuketi.

TATU, TUFUNIKE ARDHI

Ardhi isiyo na kifuniko ndiyo mama wa kazi zote. Hutoa vumbi wakati wa kiangazi, tope wakati wa masika, na magugu wakati wote katikati. Kila mahali pasipo njia wala tambarare pafaa pafunikwe.

Karibu na nyumba tumia mawe madogo, unene wa sentimita 5. Mbali kidogo, chini ya miti, waweza kutumia majani makavu, maganda ya karanga, au mabua yaliyokatwakatwa. Kifuniko cha namna hii hukinga udongo na jua, huzuia magugu kuota, na kinapooza huwa mbolea. Hapa yafaa tahadhari mbili. Ya kwanza, mchwa hupenda vitu hivi, kwa hiyo visiguse ukuta wala mlango. Ya pili, visirundikwe juu ya shina la mche. Acha nafasi ya upana wa kiganja, maana shina likikaa katika unyevu huoza.

Atakaye rangi ya kijani apande kipande kimoja kidogo cha ukoka, labda mita 3 kwa 3, mahali ambapo maji ya paa hupita. Ukoka ni hodari. Kiangazi kikija hukauka juu ukawa na rangi ya udongo, lakini mashina yake yaliyo chini ya ardhi hubaki hai, na mvua ya kwanza huuamsha. Mwenye uwanja akubali rangi hiyo ya kiangazi, naye atakuwa amejiokoa ndoo nyingi. Ila ukoka hutambaa. Uuwekee mpaka wa mawe au matofali yaliyozikwa kidogo.

NNE, TUCHAGUE MIMEA

Kosa linaloonekana mara nyingi ni kupanda mmoja mmoja wa kila aina, kama duka. Uwanja ukapendeza, chagua aina chache, labda nne au tano, na kila aina uirudie. Mimea ya aina moja iliyo pamoja huonekana kutoka mbali, na hutunzwa kwa namna moja.

Kwa mti wa kivuli, mwarobaini wafaa sana. Asili yake ni Bara Hindi na nchi jirani zake, huvumilia ukame, na hubaki na majani karibu mwaka mzima. Upandwe mita 5 au zaidi kutoka ukutani. Mti unaochanua maua mekundu mwezi wa Desemba, ambao watu huuita mkrismasi, asili yake ni Madagaska. Hupendeza kuliko yote, lakini mizizi yake hutambaa juu juu na matawi yake huvunjika kwa upepo. Uwekwe mbali na paa. Miti ya jamii ya mkuyu isipandwe karibu na nyumba hata kidogo, kwa maana mizizi yake huingia katika misingi na mabomba.

Kwa mti mdogo, mkomamanga ni chaguo jema: maua mekundu, matunda ya kula, na ukame hausumbuki nao sana. Mzabibu ni fahari ya Dodoma, lakini wataka kupogolewa na kuangaliwa kila msimu, basi haumo katika habari hii.

Kwa maua, bogenvilia ndiyo ya kwanza. Imetoka Amerika ya Kusini, ikapewa jina la baharia Mfaransa Louis Antoine de Bougainville. Sehemu zake zenye rangi si maua hasa, ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati. Tena ina tabia ya ajabu: ikinyweshwa mno hutoa majani matupu, na ikikosa maji kidogo ndipo huchanua. Ni mmea uliofanywa kwa ajili ya mtu mwenye kazi nyingi. Ina miiba, kwa hiyo isikaribie njia wala mahali pa watoto.

Mshubiri nao hufaa kando ya njia. Huhifadhi maji katika majani yake manene na hutoa maua marefu mekundu au ya rangi ya chungwa. Ule mmea unaofanana na katani ndogo, wenye majani magumu yaliyosimama kama panga, huota hata chini ya kivuli. Na katika nchi zetu kavu huota wenyewe mmea mfupi wenye shina nene lililovimba chini kama chupa, na maua ya waridi. Watu wa mijini huununua kwa bei, ingawa ni wa porini kwetu. Ila mtu afahamu kwamba utomvu wake ni sumu. Wahadzabe wa karibu na Ziwa Eyasi huutumia kutia sumu mishale yao. Kadhalika minyaa, ambayo wengi huipanda kuwa ua, ina utomvu mweupe unaoumiza sana macho. Anayeikata afumbe macho au avae miwani, na watoto waambiwe mapema. Mche uliochukuliwa porini kwa kung'olewa huacha pengo. Afadhali kuomba mbegu au tawi kwa mwenye nao.

TANO, MIAKA MIWILI YA KWANZA

Hakuna mmea usiotaka maji siku ya kupandwa. Yule tunayemwita mvumilivu amevumilia kwa sababu mizizi yake imekwenda chini. Kazi yetu ni kumsaidia mpaka ifike. Chimba shimo la sentimita 60 kila upande, changanya udongo wa juu na samadi iliyooza, panda mche mvua zikiisha kushika, na uache kisahani cha udongo kuuzunguka.

Kiangazi cha kwanza, mti wataka ndoo 1 ya lita 20 kwa juma, na kichaka kiasi cha lita 5. Uwanja wenye miti 4 na vichaka 10 utataka lita 130 kwa juma, yaani ndoo 6 na nusu. Linganisha na ndoo 175 za majani mabichi. Maji yamwagwe yote kwa mara moja, jioni. Kidogo kidogo kila siku huifundisha mizizi kukaa juu, na huko juu ndiko inakokaukia. Iko hila nyingine ya zamani: zika chungu cha udongo kisichopakwa rangi karibu na mche, shingo ikibaki nje, ukijaze maji na kukifunika. Maji yatapenya pole pole katika kuta za chungu, na jua halitayaiba. Kifuniko ni lazima, kwa ajili ya mbu na watoto.

Kiangazi cha pili punguza nusu. Baada ya hapo miti mingi ya aina hii itajitegemea, na kazi ya mwaka mzima itakuwa hii: Novemba, safisha mifereji na kitaro, Januari na Februari, ng'oa magugu yangali madogo, kabla hayajatoa mbegu, Aprili, ongeza kifuniko cha ardhi wakati udongo ungali na unyevu, Julai, kata matawi yaliyokauka na yanayogusa paa.

Mtu asidhani kwamba bustani ya maji machache ni ya watu wasio na uwezo. Mwaka 1981 idara ya maji ya mji wa Denver, Marekani, iliibuni jina bustani za namna hii na kuanza kuwafundisha watu wake, kwa kuwa majani mabichi yalikuwa yakimaliza maji ya mji. Denver hupata chini ya milimita 400 kwa mwaka, theluji ikihesabiwa humo. Dodoma, basi, ina mvua zaidi kuliko mji ule. Tofauti ni kwamba wao waliihesabu.

Likizo zetu mbili zinaiafiki kazi hii. Likizo ya Juni nchi ni kavu: huo ndio wakati wa kupima mteremko, kuchora ramani, kukusanya mawe na kuchimba kitaro. Likizo ya Desemba mvua zimeanza au zi karibu: huo ndio wakati wa kupanda. Mwanafunzi asianze na uwanja mzima. Aanze na utepe wa kokoto chini ya paa na mti mmoja upande wa magharibi, baada ya kuwaeleza baba na mama sababu zake na kupata ruhusa yao. Kwa mti huo mmoja atahitaji ndoo 1 kwa juma. Na akirudi shule, apange kabla ya kuondoka ni nani nyumbani atakayeimwaga.